Kisiwa Kilichokuwa Kinatafuta Watu

Kwenye matanga ya shemeji yangu, Januari iliyopita, watu walijaa hadi kwenye ngazi. Nyumba ya Malton, pembeni ya uwanja wa ndege wa Toronto, ni ndogo, na ndege zinazokwenda kutua hupita chini kabisa juu ya paa lake, kiasi kwamba Pasta alilazimika kukatiza sala kila mara, akangoja macho yakiwa yamefumbwa, kisha akaendelea pale alipoachia. Mama mmoja wa kanisani, aliyekuja na sufuria ya sombe, kisamvu chetu, kutoka Agincourt upande wa pili wa jiji, aliniinamia akaninong'oneza kwamba marehemu alikuwa mtu mwema lakini mbishi. Watoto wamesoma, wana kazi nzuri, wamemtafutia nyumba kwenye mtaa uliotulia si mara moja wala mbili, naye akakataa katakata kuondoka chini ya zile ndege. “Sijui alipenda nini hapa,” alisema. Nilitikisa kichwa nikaendelea kugawa chai. Waliojua alichokipenda walikuwa wawili tu, mimi na dada yangu, na dada yangu alikuwa ameketi sakafuni kwenye godoro, kitenge kimemfunika kichwa, hataki kuulizwa neno. Nilipokuwa naosha vikombe nikaanza kucheka peke yangu jikoni, na kicheko kikageuka kilio, maana nilikumbuka mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa, mwaka ambao mtu huyu huyu alitaka kutuhamisha sote tukaishi kwenye kisiwa cha Skotilandi chenye watu wachache kuliko kwaya ya kanisa letu.

Tulikuwa tunakaa besimenti, si mbali na nyumba hiyo waliyokuja kuinunua baadaye. Jinsi tulivyofika Kanada sitaisimulia hapa. Wengine wameshasimulia yanayofanana na yetu, na machozi yake yameshamwagwa. Nianze na vyumba. Vilikuwa viwili, na jiko ambalo kwa kweli lilikuwa ujia tu wa kupitia. Chumba kimoja cha yaya na mumewe, kingine changu na watoto wao, Neema na Josué. Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu Uvira, kando ya ziwa. Mtanzania mmoja darasani kwangu, aliponisikia, alidhani nazungumzia mlezi wa watoto, nikamwambia mlezi wa watoto ni mimi. Asubuhi nilikwenda kusoma Kiingereza, mchana nikawapokea watoto kutoka shule, jioni yaya akarudi kutoka hotelini alikokuwa akitandika vitanda vya wasafiri, mikono inanuka sabuni. Dirisha la jikoni lilikuwa juu, usawa wa ardhi, na nje tuliona miguu ya wapitaji na, kuanzia Novemba, theluji tupu. Mwenye nyumba, mzee wa Kipunjabi tuliyemwita Anko kama alivyotaka, aliishi juu yetu, na tulijua saa zake zote kwa nyayo zake.

Shemeji alipakia mizigo ya ndege usiku. Alirudi sisi tukiamka, akanywa chai kwa kusimama, akaingia nyuma ya pazia akalala usingizi wa pono. Watoto wangeweza kupigana, televisheni ikapiga kelele, ndege zikapita mpaka vikombe vikatikisika kabatini, yeye haamki. Ila Jumapili, nyumba ikitulia, hakukalika. Angewasha redio na asiisikilize, au angevaa koti akatoka kwenda kutembea bila kusema anakwenda wapi. Niliona ni tabia tu ya mtu asiyetulia. Tulijua kwamba kabla ya kumwoa yaya alikuwa na nyumba nyingine, mke na watoto, na kwamba wote waliishia kwenye vita. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua, hata yaya hakujua, na siku niliyofungua kinywa kuuliza alinifinya paja chini ya meza mpaka nikanyamaza.

Ukurasa ule aliuchana kwenye gazeti la picha alilolikuta kwenye chumba chao cha mapumziko kazini. Aliubandika kwenye friji kwa sumaku ya duka la piza. Picha ilionyesha barabara moja, nyumba moja nyeupe, kondoo, na bahari ya rangi ya sufuria kuukuu. Mtu hata mmoja hakuwamo. Nikapewa kazi ya kutafsiri. Kisiwa kinaitwa Sulasay, kiko magharibi ya Skotilandi, mbali hata na visiwa vingine. Kina watu thelathini na kitu. Vijana wamehama, wazee wamebaki, shule ina watoto wachache ambao wakimaliza itafungwa, na shule ikifungwa meli nayo itapunguza safari, na duka litafuata. Kwa hiyo wenyeji wanaomba familia zenye watoto wadogo zije kuishi nao. Nyumba ipo, kazi ipo, ya gatini na ya kufuga.

“Furaha, soma tena pale,” shemeji akasema.

“Wapi?”

“Pale penye wanasema wanatafuta watu.”

Nikasoma tena. Yaya alikuwa amesimama mbele ya jiko, mkono kiunoni, mwiko wa bugali mkononi.

“Watu thelathini,” alisema. “Soko iko?”

“Haiko,” nikajibu.

“Hopitali?”

“Infirmière, muuguzi, anakuja na meli.”

“Kanisa?”

“Kanisa iko.”

“Na mutu wa kuimba ndani, iko?” Akageukia sufuria yake. “Papa Neema, tulikimbia vita. Hatukukimbia watu.”

“Weye hukukimbia watu,” shemeji akajibu taratibu. “Mimi, ndiyo.”

Neema, ambaye alikuwa na miaka minane na alielewa kila neno, aliuliza kwa Kiingereza kama kondoo wanauma.

Habari ilifika kanisani kabla yetu, kama kawaida ya habari zetu. Wanaume walianza kumwita shemeji Bwana Kondoo. Mama Pasta alimvuta yaya pembeni kumwambia kwamba baridi ya baharini huingia kwenye mifupa ya wanawake na haitoki. Pasta mwenyewe, aliyempenda shemeji na kumwogopa kidogo, alimshika mkono mlangoni akamwambia, “Papa Neema, mkataa pema pabaya panamwita.” Shemeji akacheka kwa heshima. Lakini njiani, kwenye basi, nilimsikia akimwambia yaya kwamba amechoka. Amechoka kuulizwa. Kila mgeni anayefika kanisani humuuliza wewe ni wa kijiji gani, mtoto wa nani, uliacha nani kule, unamkumbuka fulani, basi fulani alikufa. Kwetu hiyo ni adabu. Asiyekuuliza watu wako amekudharau. Yaya mwenyewe ndiye alikuwa bingwa wa adabu hiyo. Hakuweza kukusalimia nusu. Atakuuliza nyumbani, mke, watoto mmoja mmoja, mama mkwe, mguu wa mama mkwe. Alimfanyia hivyo Anko, akawafanyia madereva wa basi na wasichana wa dukani, ambao walimtazama wasijue anataka nini. Wale wetu waliokaa Toronto muda mrefu walikuwa wameshajifunza kujibu “sawa” na kupita zao, na jambo hilo lilimuumiza kuliko baridi. “Nauliza watu watano, najibiwa neno moja,” alikuwa akisema. Kwa hiyo mume alikuwa anatafuta mahali pasipo na maswali, na mke alikuwa anatafuta majibu, na wote walikuwa wanalala kwenye kitanda kimoja nyuma ya pazia moja.

Na mimi? Nilijifanya sina upande. Lakini nilipokuwa peke yangu jikoni nilisimama mbele ya friji nikaitazama ile nyumba nyeupe mpaka maharage yakaungua. Nimefikiri sana tangu hapo kwa nini kisiwa kile kilituingia hivyo, watu wa ziwa lenye joto na masoko ya kupigana vikumbo. Watu husema ni utulivu, hewa safi, mandhari. Sisi hatukuwa watalii. Nadhani ilikuwa ule mstari alioutaka shemeji usomwe tena na tena. Kila tulikofika maishani tuliomba kupokelewa. Tuliomba kambini, tuliomba ofisini, tuliomba kwa mwenye nyumba. Tulikuwa watu wa ziada kila mahali, hata pale tulipotendewa wema. Na sasa mahali fulani duniani palikuwa panaomba watu. Neema na Josué, wenye kamasi na madaftari yao, wangeweza kuiokoa shule kwa kuketi tu kwenye madawati. Mtu aliyewahi kuwa nambari kwenye foleni ya unga akisikia hayo hupata kizunguzungu. Mimi kilinipata, na wakati huo huo niliogopa, maana nilikuwa nimeanza kuipenda shule yangu, na nilijua wakienda nitalazimika kuchagua kati yao na Toronto.

Shemeji aliandika, kwa mkono wangu, na baada ya muda simu ikapangwa. Walisema wangependa kuisikia familia nzima. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Mezani kulikuwa na bugali, mchicha wetu wa lenga-lenga na ndagala, dagaa za kukaanga ambazo Anko alikuwa ameshalalamikia harufu yake, na simu ikiwa katikati ya sahani, sauti imefunguliwa. Aliyepiga alikuwa mama mtu mzima aitwaye Morag, mwenyekiti wa kamati yao. Kiingereza chake kilikuwa cha polepole, cha mtu aliyekua na lugha nyingine nyumbani, nami nilimwelewa kuliko nilivyowaelewa walimu wangu. Alizungumza na shemeji juu ya kazi ya gatini, juu ya vibali, ambavyo alisema vina njia ndefu lakini yenye mwisho. Shemeji alijibu kwa sentensi alizozifanyia mazoezi. Kisha Morag akaomba kuongea na mama wa watoto. Yaya alikuwa amekaa mkao wa kukataa, mikono imefungwa kifuani. Akaniambia bila kuangalia simu, “Basi muulize, watu wa kule hawajambo?”

Niliona aibu. Huku mtu haulizwi hivyo na mgeni. Lakini macho ya yaya yalikuwa yananitazama, nikauliza. Halafu Morag akaanza kujibu. Alianzia nyumba ya gatini: mzee wa pale mgongo unamsumbua tangu vuli, lakini hakubali kukaa. Nyumba inayofuata, mjane, mwanawe yuko baharini na hapigi simu, kwa hiyo hajambo na ana jambo. Akaja kwa ndugu wawili ambao hawajasemezana miaka mingi na bado wanatumia trekta moja, mmoja siku hii, mwenzake siku ile, na funguo wanaachiana juu ya ukuta. Akaja kwa mwalimu wa shule ambaye ni mjamzito na anatapika kila asubuhi. Nilitafsiri nyumba kwa nyumba. Yaya alianza kwa kuitikia “mmh.” Alipofika kwa yule mjane akasema, “Mwambie pole.” Kwenye trekta alicheka akapiga meza. Kwa mwalimu mjamzito akaagiza nimweleze dawa ya tangawizi. Chai ilipoa, bugali ikakauka, shemeji akawa anatutazama kwa zamu kama mtu aliyeletewa chakula kilichoagizwa na jirani. Morag alizunguka kisiwa kizima. Alipomaliza, akasema, “Na mimi, nina homa ya mafua, ila inaisha. Sasa niambie, wenu hawajambo?” Na yaya akaanza kumjibu.

Simu ilipokatika alikuwa analia. Mimi nilikuwa nimechoka koo. “Wanajuana wote,” alisema. “Papa Neema, umesikia? Nimeuliza na nimejibiwa, wote, mpaka wa mwisho.” Kuanzia siku hiyo mwenye kutaka kisiwa akawa yeye. Alinunua viatu vya mpira vya watu watano, akavipanga mlangoni, vyangu pia bila kuniuliza. Kanisani Mama Pasta alipoanza habari za baridi na mifupa, yaya alimjibu kwamba na Malton kuna baridi, tena ya bure, isiyo na faida kwa mtu yeyote. Wakati wa kukunja nguo alikuwa akiniambia mambo ya wale watu kana kwamba ni majirani: sijui yule mzee amekwenda kutibiwa mgongo, sijui kijana wa mjane amepiga simu. Nilimpenda sana dada yangu katika miezi ile. Alikuwa na uso niliouona mara ya mwisho nikiwa mtoto.

Walikubaliana shemeji atangulie akaone. Pasi ya Kanada alikuwa ameshaipata, na kazini kwao kulikuwa na tiketi za bei nafuu kwa mfanyakazi aliye tayari kungojea nafasi. Aliondoka mwanzoni mwa masika ya huku, theluji ikiwa imebaki vipande vyeusi kando ya barabara. Alikuwa akae wiki moja, lakini upepo uliizuia meli, akakaa zaidi. Alipiga simu mara moja tu kusema amefika na ni mzima. Aliporudi, watoto walimrukia wakazama kwenye koti lake, wakatoka wakisema linanuka moto. Lilinuka kweli, harufu nzito tamu ya udongo mweusi ambao watu wa kule huuchimba kwenye vinamasi vyao, wakaukata kama matofali, wakaukausha na kuuchoma badala ya kuni. Yaya alipika wali na nyama kama sikukuu. Shemeji alikula, akawasimulia watoto juu ya kondoo anayetembea barabarani mbele ya gari na kukataa kupisha, akacheka pale pa kucheka. Kwa yaya hakusema lolote la kwenda wala la kutokwenda. Akarudi kazini kesho yake.

Zilipita siku kadhaa. Yaya hakuuliza. Alingoja kama anavyojua kungoja, kwa kufua vitu visivyo vichafu. Kisha asubuhi moja, watoto wameshaondoka, nikiwa chumbani napiga pasi sare yangu ya kazi ya wikiendi, shemeji aliingia kutoka zamu, akavuta kiti akaketi. Nilisikia kiti. Hakuwa na kawaida ya kuketi asubuhi. Ukuta ule ulikuwa ubao tu, na nilijua wanajua nipo.

“Mama Neema,” alisema, “kule ni kuzuri.”

“Mmh.”

“Nyumba ile iko na madirisha mbili, zote zinaangalia maji. Walikuwa wameshawasha moto kabla nifike. Kila asubuhi nakuta mayai mlangoni, sijui aliyeweka. Mzee mmoja aliingia, akakaa karibu na moto, hakusema kitu, mi sikusema kitu, akaamuka akaenda. Nilifurahi. Nilisema, ndiyo hapa. Ndiyo hapa nitapumuzika.”

Yaya alimmiminia chai. Nilisikia ikimiminika kikombeni.

“Lakini upepo ukakwisha,” shemeji akasema. “Ulikuwa unapiga siku zote, halafu ukakwisha. Hakukuwa kitu. Hata imbwa. Mama Neema, sijawahi kusikia vile. Kwanza nilifikiri ni kondoo. Mtoto wa kondoo analia sawa mtoto wa mutu.” Nilisikia akiweka kikombe mezani. “Haikukuwa kondoo.”

“Nani?”

“Bale wa kwanza, bibi na watoto. Wote. Mmoja mmoja, na sauti yake. Wananiita vile walikuwa wananiita.” Ndege ilipita juu yetu wakati huo, vikombe vikatikisika, naye akangoja mpaka imalizike. “Hapa,” alisema, “ile kitu ikipita, wananyamaza. Sikujua. Miaka yote nalaumu kelele, na ni kelele inanilalisha.”

Nilizima pasi. Sijawahi kusikia mwanaume mzima akilia namna ile, kwa kukaza, kama anayejaribu kunyanyua mzigo usionyanyuka. Yaya hakumwambia anyamaze. Baada ya muda nilisikia kiti chake kikisogea kuelekea kiti cha mumewe, kisha sauti yake, ya kawaida kabisa, ikisema, “Bon. Hatuendi.” Shemeji akasema yeye, yaya, anapenda kwenda, ameshapenda, anajua. Yaya akajibu kwamba yeye alipenda viatu tu. Ulikuwa uongo mzuri kuliko wote niliowahi kuusikia, na nilikaa kwenye kitanda cha Josué nikauma mto ili nisitoe sauti. Nilikuwa nimepona, maana sasa nisingelazimika kuchagua, na niliona uchungu kwa sababu nilikuwa nimepona kwa njia hiyo.

Yaya mwenyewe ndiye aliyempigia Morag, mimi nikitafsiri. Aliniagiza niseme bwana wake hawezi baridi. Morag akasema kwamba bwana huyo alikwenda gatini kila siku bila kofia na hakuna aliyemsikia akilalamika, lakini baridi ziko za aina nyingi. Hakuuliza zaidi. Baadaye tulisikia kwamba familia moja ya Kiingereza ilikwenda na watoto watatu, na shule ikabaki wazi. Yaya aliposikia alisema “Asante Mungu” na akaenda kulala mapema. Viatu walivivaa watoto kwenye matope ya Malton mpaka vikawabana. Shemeji alilala usingizi wake wa pono chini ya ndege kwa maisha yake yote yaliyobaki, na watu wakamwita mbishi, na mkewe akawaacha wamwite hivyo.

Mara nyingi nimejiuliza nani kati yao alikielewa kile kisiwa. Shemeji alidhani mahali penye watu wachache mtu ataachwa peke yake. Yaya alielewa kwa simu moja kwamba ni kinyume: wakiwa wachache hakuna wa kumruka. Alichokisahau, au hakukijua, ni kwamba hesabu hiyo huwahusu hata wasio hai. Toronto ina watu wengi kiasi kwamba wafu wetu hukosa nafasi ya kupenya. Nilikuwa nikiona hilo ni baya. Siku hizi sina uhakika. Nimefanya kazi miaka mingi na wazee, na nimeona ni wangapi wanaoomba televisheni isizimwe.

Wiki iliyopita nilikwenda Malton kumsaidia yaya kufunga vitu. Watoto wameamua ahamie kwa Neema, kule Malvern, naye amekubali bila ubishi, jambo lililotutia wasiwasi sote. Tulikaa jikoni tukichambua lenga-lenga. Akaniambia atakwenda kwa Neema, ndiyo, lakini kwanza anataka kwenda kule. Nikadhani Uvira. Nikaanza kumweleza juu ya hali ya usalama, juu ya dawa zake za presha.

“Si Uvira,” alisema. “Kule kwa Morag.”

“Yaya, Morag atakuwa alishakufa.”

“Wenye wamebaki watanipokea. Nitaomba ile nyumba. Wiki moja tu.”

“Unaenda kutafuta nini?”

Alichambua jani, akalitazama upande wa nyuma, akalitupa. “Nimelala na ule mume miaka yote hiyo, na watoto wake wa kwanza sijui hata majina. Ni watoto wangu nao, hapana? Nilinyamaza sababu ya kumuheshimia. Dunia nzima naisalimia, mpaka wa dukani, mpaka mguu wa mama mkwe wa mutu. Wale, wenye walimuita kule, sijawasalimia hata siku moja. Na mama yao sijamsalimia.”

Nilimuuliza kitu cha kijinga, kitu pekee kilichonijia: itakuwaje akifika, akae pale upepo umetulia, na asisikie chochote.

Yaya alinitazama kama anavyonitazama tangu nikiwa mdogo, nikikosea jambo ambalo kila mtoto wa watu analijua.

“Furaha,” akasema, “hodi mutu anaipiga kabla ya kusikia sauti ndani, si baada.”